Kichochoro cha Kwenda Baharini: Historia Fupi ya Uzunguni

Mwezi uliopita mlinzi wa jirani alinikabidhi bahasha getini kwangu, Mbezi Beach, Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na waraka wa ukurasa mmoja ulioandikwa na kamati ya ulinzi ya mtaa wetu. Waraka uliomba kila kaya ichangie shilingi 350,000 ili kichochoro kinachopita kati ya kuta zetu kuelekea baharini kifungwe kwa geti la chuma, na funguo zigawiwe kwa wakazi peke yao. Sababu iliyotajwa ilikuwa "kuongezeka kwa watu wasiojulikana". Chini paliorodheshwa majina yetu, kila jina na nafasi ya sahihi. Majirani kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kusaini. Nafasi ya jina langu ilikuwa wazi.

Sitaki msomaji adhani kwamba niliusoma waraka ule kwa hasira. Mwaka jana nyumba mbili za mtaa wetu zilivunjwa usiku, na moja ya nyumba hizo ni ya mama mjane anayeishi na wajukuu wake. Hofu ya majirani zangu si ya kubuni. Nilichukua kalamu, nikaiweka mezani, nikasema nitasaini asubuhi.

Asubuhi ilipofika alikuja mama anayeniuzia samaki. Hupita katika kichochoro hicho na beseni lake kichwani, akitokea ufukweni, karibu kila siku saa moja. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya geti. Akaniambia, "Mwanangu, njia hii mimi nimeipita nikiwa nimebebwa mgongoni. Leo mimi ndiye mtu asiyejulikana?" Sikuwa na jibu. Nilinunua samaki wake, nikarudi ndani, nikaufungia waraka ndani ya kitabu.

Mimi ni mwalimu wa historia, na ugonjwa wa kazi yetu ni kuuliza jambo lilianzia wapi. Kwa hiyo nimejiuliza: imekuwaje tukawa na mitaa ambayo mtu aliyezaliwa hapo ni mgeni, na mtu aliyehamia juzi ndiye mwenyeji? Jibu la haraka ni kwamba matajiri hupenda kukaa pamoja. Ninataka kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Mitaa yetu ya kifahari haikuanzishwa na utajiri. Ilianzishwa na kanuni za serikali, na utajiri ulikuja baadaye kurithi mahali ambapo kanuni ilikuwa imekwisha kupaandaa.

Kanuni isiyotaja rangi

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi zilizoupanga mji kwa kufuata aina ya majengo. Upande wa mashariki, unaotazama bahari na kupata upepo, ukatengewa nyumba za mtindo wa Kizungu. Nyumba za miti na udongo zikasukumwa upande wa bara.

Hoja kubwa ya wakati ule ilikuwa afya. Daktari Robert Koch alifanya utafiti wake wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na katika miaka iliyofuata madaktari wengi wa kikoloni walishikilia kwamba damu ya watoto wa Kiafrika ndiyo ghala la vijidudu vya malaria. Dawa waliyoipendekeza, pamoja na kwinini, ilikuwa umbali: Mzungu alale mbali kiasi kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika asimfikie. Hospitali nazo ziligawanywa. Ile ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu; Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji.

Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walikuta mpaka huo tayari, nao hawakuuvunja. Walikabiliwa, hata hivyo, na kikwazo cha kisheria. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini hayakuruhusu kuwabagua waziwazi raia wa nchi wanachama wa Shirikisho, India ikiwa mojawapo. Kanuni zao za miaka ya 1920 kwa hiyo hazikuandika kwamba Mwafrika au Mhindi asikae mahali fulani. Ziliandika kwamba katika eneo la kwanza zitajengwa nyumba za makazi za mtindo wa Kizungu. Katika eneo la pili, makazi na maduka. Katika eneo la tatu, vibanda vya wenyeji. Sheria ilizungumzia kuta, paa na ukubwa wa kiwanja. Rangi haikutajwa.

Wananchi hawakudanganyika. Waliyaita maeneo hayo kwa majina yaliyosema ukweli ambao kanuni iliuficha: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini pakaachwa uwanja mpana usiojengwa, Mnazi Mmoja, ili hewa na umbali vifanye kazi ya ukuta. Ng'ambo ya uwanja huo ndiko ilikokua Kariakoo, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Uzunguni ya zamani, karibu na ofisi za serikali, ilikuwa imeanza kujaa. Waingereza wakatazama kaskazini, ng'ambo ya mdomo wa mto Msimbazi. Likajengwa daraja lililopewa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika, na hapo njia ikafunguka kuelekea ghuba iliyoitwa kwa jina la chaza wake: Oyster Bay. Mahali hapo hapakuwa nyika. Jirani yake kilikuwapo kijiji cha wavuvi cha Msasani, chenye makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe kabla Mjerumani hajatia mguu pwani hii. Lakini katika ramani ya mji mpya, kijiji kilikuwa pembeni na ghuba ikawa katikati. Viwanja vikapimwa vikubwa, nyumba zikawekwa mbalimbali, veranda zikaelekezwa kwenye upepo wa bahari.

Mwaka 1949 kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb na wenzake iliandaa mpango kabambe wa mji. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa aibu kuzungumzia mgawanyo wa watu kwa asili yao, na mpango huo ukaleta lugha ya kitaalamu zaidi: maeneo ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Ukiiweka ramani ya ujazo juu ya ile ya zamani, utaona kwamba ujazo mdogo umeangukia Uzunguni, wa kati Uhindini, na mkubwa Uswahilini. Lugha hiyo haikuondoka na wakoloni. Hadi leo afisa ardhi akikuuzia kiwanja atakuuliza unataka cha ujazo gani, na wewe utajibu kwa kutazama mfuko wako, bila kujua kwamba swali hilo ni mjukuu wa swali jingine.

Banda la uani

Hapa naomba niseme kwa nini habari hii si ya vitabuni tu kwangu. Mjomba wangu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya serikali huko Oysterbay, katika miaka ya 1980. Likizo za shule za msingi nilizimalizia kwake. Nyumba ile, iliyojengwa zama za Waingereza, ilikuwa na vyumba vingi, bustani, miembe miwili na mkungu. Sisi tulilala katika banda la uani: chumba kimoja chenye dirisha dogo, jiko la nje, na choo walichoshirikiana mpishi, mtunza bustani na yaya. Dirisha letu lilitazama ukuta. Upepo wa bahari, ambao kwa ajili yake mtaa mzima ulichaguliwa, haukufika kwetu. Tuliingia kwa geti dogo la nyuma.

Mwenye nyumba alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu mpole, aliyenipa daftari na kalamu kila nilipofunga safari ya kurudi kijijini. Sina neno baya juu yake. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba upole wake haukuhamisha banda. Mchoro wa nyumba ulikuwa umekwisha kuamua nani atalala wapi hata kabla yeye na mjomba hawajazaliwa. Mbunifu wa kikoloni hakuweza kuifikiria nyumba ya Mzungu bila Mwafrika ndani yake, na hakuweza kumfikiria Mwafrika huyo akiwa na familia. Ndiyo maana banda lilikuwa na chumba kimoja.

Hilo ndilo jambo linalosahaulika tunapozungumzia utengano. Uzunguni haikuwa mahali pasipo na Waafrika. Kila alfajiri wapishi, madobi, mayaya na watunza bustani walilivuka daraja. Sheria iliwaruhusu kufanya kazi na ikawakatalia makazi. Nao hawakunyamaza siku zote. Wafanyakazi wa majumbani na mahotelini walikuwa miongoni mwa waliounda vyama vya wafanyakazi vya Dar es Salaam, na mwishoni mwa mwaka 1956 chama chao kiligoma, wakati shirikisho la vyama vya wafanyakazi likiongozwa na Rashidi Kawawa. Historia ya ukombozi wetu inapoandikwa, tunakumbuka zaidi makarani na walimu. Tungekumbuka pia siku ambazo Uzunguni ilijipikia chai.

Wapangaji wapya

Uhuru ulikuja mwaka 1961, na swali la nyumba likaja nalo mara moja. Maofisa wa Kiingereza walipoondoka, nani angeingia katika nyumba zao? Jibu lilikuwa rahisi mno: aliyerithi cheo alirithi nyumba. Nyumba za ghubani zilikuwa sehemu ya masharti ya kazi, pamoja na samani na kodi ndogo iliyokatwa kwenye mshahara. Watu waliopandishwa vyeo kwa haraka mtaani waliitwa manaizi, kutokana na sera ya kuwaweka Waafrika katika nafasi za wageni. Jina hilo lilikuwa na utani, na ndani ya utani mlikuwa na maswali.

Mwalimu Nyerere aliyasikia maswali hayo. Tangu mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, alikuwa ameonya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache watakuwa wenye nchi na wengi watakuwa wapangaji. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza. Lakini siku hiyohiyo alikubali kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwamo, ilikuwa minono mno kwa nchi maskini, akaupunguza wake kwa asilimia 20 na kuagiza ya wakubwa wengine ipunguzwe pia. Azimio la Arusha la Februari 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikayataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000.

Hayo yalikuwa mambo mazito, na vijana wanaoyakebehi leo hawajui ujasiri uliohitajika. Lakini tazama kilichobaki bila kuguswa. Azimio lilimbana kiongozi asiwe mwenye nyumba za kupangisha. Halikuuliza kwa nini nyumba ya serikali lazima iwe ghubani, katika kiwanja kinachoweza kubeba familia nyingi za Uswahilini, na banda lake uani. Mpango kabambe wa mwaka 1968, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada, uliendelea na mgawanyo wa viwanja kwa ujazo. Tulibadili majina ya barabara. Leo ukizunguka rasi ya Msasani unapita Toure, Haile Selassie, Kenyatta, Kaunda na Karume. Afrika huru nzima imetandazwa pale kwa vibao. Viwanja vilivyopimwa kwa ajili ya wasaidizi wa gavana vimebaki vilevile chini ya vibao hivyo.

Nyerere mwenyewe ni mfano wa ugumu huu. Kabla ya Uhuru aliishi Magomeni, katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa Waswahili, ambayo leo ni makumbusho. Baadaye alijenga Msasani kwa mkopo, akaishi kwa kiasi. Hata mtu ambaye hakutamani anasa alijikuta upande uleule wa daraja, kwa sababu mji ulikuwa na pande mbili tu za kuchagua.

Kutoka cheo hadi soko

Kwa miaka thelathini hivi baada ya Uhuru, mtu aliingia ghubani kwa cheo na alitoka kwa kustaafu. Mpangilio huo ulikuwa na upungufu wake, lakini ulikuwa na jambo moja jema: nyumba ilibaki ya umma, na siku moja umma ungeweza kuamua vingine. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza masharti ya uongozi. Mabalozi, mashirika ya misaada na makampuni ya kigeni walikuwa wakitafuta nyumba, na kodi za Masaki zikaanza kutajwa kwa dola. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliuza maelfu ya nyumba zake nchini kwa watumishi waliokuwamo. Uamuzi huo ulilalamikiwa bungeni na magazetini kwa miaka mingi, hasa kwa nyumba zilizokuwa mahali ambapo ardhi ina thamani kuliko matofali yaliyo juu yake. Nyingi zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake.

Nilipita mwaka juzi kuitafuta nyumba aliyofanya kazi mjomba. Haipo. Pana jengo la ghorofa nyingi, na mwembe mmoja. Nilipouliza, mlinzi aliniambia kwa adabu kwamba pale hapasimamwi.

Mtaa wangu una historia fupi zaidi, lakini ni ya ukoo huohuo. Mbezi Beach ilikuwa nchi ya minazi na mikorosho, na pembeni mwa bahari waliishi wavuvi. Katika miaka ya 1980 ilipimwa viwanja, na waliovipata kwa wingi walikuwa watumishi wa umma, wasomi na wafanyabiashara: watu waliojua ofisi ipi inagawa nini na lini. Mshahara wa wakati ule haukutosha, hivyo wengi walijenga polepole, wakafuga kuku na ng'ombe uani, wakahamia kabla ya kupiga lipu. Siwadharau, walijinyima. Lakini kujua ofisi ipi inagawa viwanja ni mali, na mali hiyo haikugawiwa sawa. Mkulima wa minazi alilipwa fidia ya mazao yake, akasogea. Mvuvi hakuweza kusogea, kwa sababu bahari haisogei. Akabaki nyuma ya nyumba zetu, na kichochoro.

Maisha ndani ya kuta

Wanafunzi wangu huniuliza, nusu kwa utani, maisha ya "ushuani" yakoje. Huwajibu kwamba ni maisha ya utulivu unaolipiwa kila mwezi. Maji ya bomba yakikatika tuna matangi. Matangi yakikauka tunaita boza. Umeme ukikatika jenereta zinaitikiana kama majogoo. Shimo la choo likijaa tunaita gari la kunyonya. Barabara ikiharibika tunachangishana kifusi. Karibu kila huduma ambayo mji ungepaswa kuitoa kwa wote, sisi tumejinunulia kila mtu peke yake, kisha tukajenga ukuta ili tusione kwamba wengine hawakuweza kununua. Na kwa kuwa tumejinunulia, hatuna haraka ya kuidai serikali. Hiyo ndiyo hasara kubwa ambayo mitaa kama yetu huitia nchi: watu wenye sauti wameacha kuihitaji serikali inayofanya kazi.

Kuna upweke pia. Jirani yangu wa kushoto alifiwa na mkewe, nami nilijua baada ya siku mbili, kwa kuona turubai. Viti vilikodishwa, chakula kilipikwa na kampuni, na watu walikaa kwa heshima wakitazama simu zao. Mjomba wangu alipofariki, huko Manzese, wanawake waliingia jikoni bila kuitwa na vijana walikesha na sisi siku tatu. Sisemi hivi kuupamba umaskini. Manzese maji machafu huingia ndani mvua zikinyesha, na bonde la Msimbazi limeua watu kwa mafuriko. Hakuna mtu anayechagua kuishi majini ili apate wa kumlilia. Ninasema tu kwamba mji wetu umelazimisha watu kuchagua kati ya choo salama na jirani, na mji uliopangwa vizuri ungeweza kutoa vyote viwili.

Na banda la uani bado lipo. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilipanga kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kwa kuangalia anamtumikia nani. Aliyeajiriwa na balozi au mfanyabiashara mkubwa aliwekewa shilingi 150,000 kwa mwezi. Aliyeajiriwa na ofisa mwenye stahili, 130,000. Wengine wasiolala kwa mwajiri, 80,000. Na wanaolala humohumo, 40,000. Viwango vilipandishwa baadaye, lakini mantiki ni ya kusomwa mara mbili: kufagia ni kulekule, ila thamani yake inapimwa kwa cheo cha mwenye sakafu. Mchango wa geti letu, shilingi 350,000, ungemlipa dada wa kazi kwa kiwango kile cha mwisho karibu miezi tisa.

Ukuta wangu

Baada ya kuyawaza haya sikusaini. Nilikwenda kutazama ramani ya mipango miji ya eneo letu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na ibara ya 17 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu kwenda apendako ndani ya nchi. Nilitaka kujua kama kichochoro chetu nacho kina ulinzi wa karatasi. Kinao. Kimechorwa kama njia ya waenda kwa miguu, yenye upana wa mita tatu. Nilirudi nyumbani na futi, nikapima. Mahali pembamba zaidi ni mita mbili na nusu.

Mahali hapo pembamba ni penye ukuta wangu.

Nilinunua nyumba hii miaka tisa iliyopita, ukuta ukiwa umesimama. Sikuuliza ulijengwa wapi. Sikuwa na sababu ya kuuliza, ulinifaa. Nimesimama darasani miaka mingi nikieleza jinsi Mwingereza alivyoirithi ramani ya Mjerumani, na jinsi sisi tulivyoirithi ya Mwingereza, huku nikichukua kimyakimya nusu mita ya njia ya mama anayeniuzia samaki. Sasa naelewa vizuri zaidi jinsi mpaka wa mwaka 1891 ulivyoweza kudumu. Haukuhitaji watu wabaya wa kuulinda. Ulihitaji warithi wasiouliza.

Nimezungumza na fundi. Ukuta utarudi nyuma mwezi ujao, na gharama itakuwa zaidi ya mara sita ya mchango wa geti. Nimeiandikia kamati ya mtaa na nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikipendekeza fedha za geti ziwekwe katika taa za kichochoro na posho ya ulinzi shirikishi utakaowahusisha vijana wa upande wa ufukweni, ambao wanamjua mgeni kuliko sisi. Majirani watatu wameniunga mkono. Mmoja ameacha kunisalimia. Kikao ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, na sijui kitaamua nini.

Neno la mwisho ni kwa watumishi wa umma mnaonisoma, hasa mlio Dodoma. Kila mji wetu una Uzunguni yake: Moshi mtaa wa kifahari unaitwa Shanty Town, Mwanza ni Capri Point, Tanga ni Raskazone. Hiyo tuliikuta. Lakini Dodoma, tangu serikali ilipohamia huko kwa kasi kuanzia mwaka 2016, viwanja vinapimwa na sisi wenyewe, kwa kalamu zetu. Mtakapoweka mezani mchoro wenye ujazo mdogo upande huu na ujazo mkubwa upande ule, ulizeni nani atalivuka daraja kila alfajiri, atalala wapi, na njia yake ina upana gani. Iandikeni njia hiyo kwenye ramani. Kisha, kila baada ya miaka michache, nendeni mkaipime kwa futi.